Ulimi wa Bibi Mkono

Kwenye geti la shule ya msingi, upande wenye kivuli cha ukuta, palikuwa na muuza viazi ambaye watoto walimwita Bibi Mkono. Jina hilo hakupewa bure. Viazi vyake alivikata vyembamba hata ukikishika kimoja unaona kidole chako upande wa pili. Vilipotoka kwenye karai la mafuta vikilia, alivimwaga kwenye beseni, akachota chumvi kwa vidole vitano na kuirusha mara moja. Hakurudia, wala hakupima. Alionja kimoja, akaitikia kwa kichwa, basi. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja, akijipiga kifua mbele ya wauzaji wenzake: "Nyie mna vijiko, mimi nina ulimi."

Kando ya beseni ilikaa ndoo ya juisi nyekundu. Mapema sana Bibi Mkono aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu: chumvi ikikolea, ndoo inaisha mapumziko ya kwanza tu; ikipungua, juisi inarudi nyumbani. Mtoto aliyekula viazi vya chumvi haombi maji, anaomba kitamu. Basi mwaka hadi mwaka mkono ukazidi kufunguka, na hakuna aliyelalamika. Ndoo zikawa mbili.

Mjukuu wake alilelewa chini ya meza hiyo. Mama wa mtoto, fundi cherehani, alikuwa kiwandani kutwa, na mtoto alishinda kwa bibi akitafuna vipande vilivyovunjika na kushushia na juisi. Akanenepa, mashavu yakajaa, mikono ikafanya mikunjo. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwita Kibonge, tena alilitamka jina hilo kwa fahari, maana alikwisha kuzika watoto wake wawili wakiwa mifupa mitupu. Kwake yeye, mtoto mnene ni mtoto aliyenusurika.

Kibonge alipofika miaka kumi na miwili, manesi walikuja shuleni kupima watoto, naye akarudi na barua ya kumwita zahanati na mlezi wake. Kule zahanati nesi alimfunga ule mkanda wa presha mkononi, ukagoma kuenea. Akatafuta wa watu wazima, akapima, akapima tena.

"Bibi, wewe una presha?"

"Ninayo, mwanangu. Mwaka wa kumi na tisa huu. Ya uzee."

"Huyu naye anayo. Tuseme na yake ni ya uzee?"

Bibi hakucheka.

"Juisi na soda ziishe kabisa," nesi akasema. "Atembee, acheze. Na chumvi, Bibi, ipungue sana, isizidi nusu kijiko cha chai kwa sufuria. Nisingependa kumwanzishia dawa mtoto huyu. Nakupa miezi mitatu, tujaribu jiko lako kwanza."

"Jiko langu halijawahi kunishinda."

Na kweli alijitahidi. Juisi haikuingia tena nyumbani, na vile vipande vya viazi mtoto hakupewa tena. Kila asubuhi alimtembeza mjukuu wake kwa miguu hadi shuleni. Kila jioni alichota chumvi kwa vidole vitatu badala ya vitano, akaonja mchuzi, akaona hauna kitu, akauacha hivyo hivyo. "Maji matupu haya," alimwambia binti yake. "Mwone mwanao anavyokula bila kununa. Huyo ana moyo."

Miezi mitatu ikaisha. Kilo moja ilikuwa imepungua. Presha ilikuwa imepanda.

"Bibi, chumvi mmepunguza kweli?" nesi akauliza.

"Na mvi zote hizi nikudanganye?"

Walipotoka nje tu, Bibi alimgeukia mtoto. "Unakula wapi? Sema!"

"Bibi, haki ya Mungu, sili popote."

Akaumwaga mkoba wa mtoto barabarani mbele za watu. Daftari, penseli, sweta. Hata kipande cha karatasi ya peremende hakikuwemo. Akamvuta sikio hivyo hivyo. "Mwongo, tena mnene!"

Mtoto aliokota penseli zake moja moja. Tangu siku ile, ukimwita Kibonge haitiki.

Wiki iliyofuata Bibi Mkono alibeba maharage ya nyumbani kwa chakula cha mchana, akamgawia mlinzi wa geti. Mlinzi huyo alikuwa na ugonjwa wa figo, ameachishwa chumvi mwaka wa pili huo. Alitia kijiko kimoja mdomoni, akageukia ukutani, akatema.

"Bibi, umepikia maji ya bahari?"

"Acha utani. Hiyo haina chumvi. Nampikia mgonjwa."

"Mgonjwa unayetaka kumzika?" Alicheka peke yake, kisha akamwona uso, akaacha. "Mimi nilikuwa kama wewe, Bibi. Nilipoachishwa, mwezi mzima kila chakula kilikuwa karatasi mdomoni. Hapo ndipo nikaanza kusikia ladha."

Jioni Bibi Mkono alichota chumvi yake ile ya vidole vitatu, ile ya kujinyima, akaimimina kwenye kijiko cha chai. Kikajaa. Kikajaa cha pili. Ikabaki. Sufuria lenyewe la watu watatu.

Alitaka kumwomba radhi mjukuu wake. Alichosema ni, "Njoo ule."

Usiku huo alikuwa amepika kwa kipimo cha nesi. Mtoto alionja, akaweka kijiko chini. "Bibi, hiki ni nini?" Bibi naye alitafuna, akatafuna, hakikushuka. Siku nne sahani zilirudi jikoni zimejaa.

Getini nako alianza kutumia kijiko. "Bibi Mkono, mkono umekatika?" watoto wakapiga kelele, wakavuka kwenda dukani kwenye pakiti za viazi zinazoning'inia. Alhamisi, kati ya migongo iliyobanana pale dukani, aliuona mmoja mpana kuliko yote, sweta limekaza mabegani. Mjukuu wake aliikung'uta pakiti mdomoni, kisha akalowesha kidole, akapangusa chumvi iliyobaki ndani, akalamba. Kulamba hivyo kulifundishwa chini ya meza ya viazi, si kwingine.

Bibi hakuinuka. Mtoto alipokuwa hana kosa alimvuta sikio. Sasa analo, na mkono umekufa ganzi.

Jumatatu vidole vitano vilirudi kwenye chumvi, na watoto wakarudi wakishangilia. Kazi nyingine hakuijua. Mwezi huohuo nesi aliandika dawa bila kumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomkata Bibi maini.

Sasa kila asubuhi, kabla ya karai kuwashwa, hukaa mezani wawili hao, bibi na mjukuu. Kopo la vidonge ni moja, kikombe cha maji ni kimoja. Bibi humeza kwanza.

"Bibi, hivi nitameza mpaka lini?"

Bibi huchukua kikombe, hukisuuza, hukijaza tena, humpa.

"Meza, mwanangu. Utachelewa shule."