Beseni la Jirani wa Juu

Leo asubuhi jirani wa juu alimwaga tena beseni la kufulia, na povu likateremka mtaroni mpaka kwenye bwawa la kobe wa mtoto wangu. Nikachoka kabisa.

“Maman, iko mayi tu!” jirani akanipigia kelele kutoka juu, eti ni maji tu.

“Mayi? Kobe banafulaka nguo?”

Nilipoinama kuwatoa, harufu ya sabuni ilinirudisha utotoni, kwenye bwawa la papa, baba yangu. Nilikuwa nimemsugua kobe wake kwa sabuni na brosi, ili ang’ae siku ya Pasaka. Akafunga macho, akakataa kula. Papa hakunipiga. Alimweka ndani ya beseni la maji ya mvua, juani, na jiwe la kupanda, akanipa mnyoo wa baridi unaojikunja vidoleni. “Utabaki hapa mpaka akule.”

Nilibaki. Siku ya tatu kobe aliuvuta mnyoo mkononi mwangu.

Leo mchana nilimpelekea shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, barua:

“Jirani wangu wa juu anamwaga maji ya sabuni ndani ya bwawa letu. Kobe wawili wamefunga macho. Naomba umwamuru ageuze mtaro wake leo. Mtoto wangu amekaa karibu na beseni, ameshika mnyoo.”