Alama Nyekundu kwenye Mkuyu

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijawahi kuacha. Nimelala Tandale, nimelala Kiwalani, na nilipochoka huko nikapanga chumba Bunju. Hapo nikasikia wanafundisha watu wa mtaani kujitolea kutunza ndege na miti ya bondeni. Nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Tulifundishwa kusimama kimya na kutazama. Nyuma ya nyumba niliyopanga palikuwa na mkuyu wenye tundu, na humo hondohondo jike alikuwa amejifungia kwa udongo ili alalie mayai. Ulibaki ufa mwembamba tu. Dume alimlisha kupitia hapo. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Nikamwambia mkufunzi, naye akanipa kopo la rangi: mti wenye kiota uwekewe alama, usije ukakatwa. Rangi yenyewe nyekundu. Nikachora X.

Kesho yake nilimwamkia mama mwenye nyumba shikamoo. Akanyoosha kidole kwenye ile X.

"Nani kakutuma?"

"Ni ya mti tu, mama. Ya ndege."

"Ya ndege! Nyumba yangu ya kwanza walikuja vijana wapole kama wewe, na kopo kama hilo. Wakasema wanapima tu, wakachora X ukutani. Mara katapila hili hapa."

Majirani wakajaa. "Mwulizeni nyumba yake iko wapi!" mmoja akadakia. "Mpangaji ana uchungu gani?" Wakacheka.

Nikasema nitaikwangua.

"Kovu je? Si wataliona?" Mama akamwita mwenye msumeno wa mashine. Mti ukiondoka, alama haipo.

Nikasimama mbele ya shina, nikampigia mkufunzi. Yeye huja na gari, huondoka na gari. Akaniambia niwaelimishe. Nikamkatia simu.

"Sogea, kijana," mama akasema. "Ukifa hapa nitaulizwa mie."

"Kuna jike humo ndani, mama. Kanyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka."

"Na mie nilikuwa ndani walipokuja."

Wanaume wawili wakaniburuta pembeni. Mkuyu ulipoanguka tundu lilipasuka, na jike tukamkuta amekufa juu ya mayai yaliyovunjika. Sijamsamehe yule mama, na sidhani kama yeye kanisamehe mie.

Alasiri, begi langu likiwa limeshatupwa nje kando ya magogo, dume alirudi na tunda mdomoni. Alizunguka palipokuwa na mti, akatua juu ya bati la ile nyumba.

Mama mwenye nyumba akaokota jiwe.