Sensa za Pikapu ya Baba

Baba hakutaka kusikia habari ya kuacha kuendesha. Daktari alishamwambia presha ya macho imemla uoni wa pembeni kote, amebakiwa na katikati tu, na kilichoenda hakirudi. Akajibu, "Gari inaendeshwa kwa akili." Akili! Alishagonga ukuta wa jirani pale Magomeni, akamgombeza jirani.

Pikapu ya kukodisha ndiyo iliyotulisha. Akiiacha, hana kazi nyingine. Akiendelea, ataua mtu. Nilikuwa silali.

Biashara ya nje ilishafunguliwa, Kariakoo unapata kila takataka ya dunia. Nikamburuta mpaka duka la spea la mama mmoja wa Kichaga, nikaomba sensa za kurudi nyuma, vile vidude vya kwenye bampa vinavyolia ukikaribia kitu. Akatuwekea aina mbili: zenye namba kwenye kioo kidogo, na za mlio tu.

"Shikamoo mzee. Chukua za namba, zinakwambia mpaka umbali."

"Marahaba. Nipe za kelele." Hata hakuziangalia. Nilimwelewa, kioo kikikaa pembeni asingekiona; nikageuza uso.

Fundi akazifunga palepale barabarani. Baba akaweka rivasi. Pii! Pii! Piiii! Hazikunyamaza. Zitanyamazaje Kariakoo? Mpagazi anapita, mkokoteni unapita, muuza maji kaegemea bampa. Hapa mtu hapishi gari. Anaipiga kofi, "Oya mzee, simama!", halafu anapenya. Aliyetengeneza sensa zile kwao watu wakiona gari inarudi wanasogea.

"Zima upuuzi huu!" Baba akafoka. Fundi akachomoa waya.

"Tutaenda na makofi," Baba akacheka. "Miaka yote mimi naendeshea makofi."

Jamani, nilitaka kulia. Sikuwa na kingine cha kumnunulia.

Nikashuka kumzuilia watu ili atoke. Nilisimama mbele, usawa wa taa ya kushoto, mikono juu, na blauzi yangu nyekundu. Yeye akawa anatazama mbele moja kwa moja.

"Wee mama," akaniita, "umeenda wapi? Panda twende!"

Nikampungia mikono yote miwili. Akasogeza gari kidogo, ananitafuta. Bampa likanigusa goti. Nikaipiga boneti kofi kwa nguvu zangu zote.

Akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Pita basi, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Namsubiri binti yangu."