Kilio Kilichonisubiri

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya pasi ya mkaa. Mwanangu, nasikia kesho una usaili wa kwenye kompyuta, na tangu juzi unazunguka nyumba nzima ukitafuta ukuta usio na ufa wa kukaa mbele yake. Ukuta hauna neno. Keti kwanza. Nilipokuwa na umri kama wako nilifanyiwa usaili wa namna hiyohiyo, nikafaulu, na mpaka leo nikiukumbuka natamani ardhi inimeze. Sijawahi kukusimulia kwa sababu si habari ya kujisifia.

Nilikuwa nakaa na bibi yangu, Bibi Asumini, kijijini upande wa Mkunya. Chuo nimemaliza, mwaka wa pili huo kazi sina, nabangua korosho za watu mpaka vidole vimebabuka kwa yale mafuta ya maganda. Ndipo shirika moja la lishe likaniita. Walitaka mtu wa kuzunguka vijiji vya Newala na Masasi akiwafundisha kina mama chakula cha watoto. Usaili ni saa nne asubuhi, kwa video. Ujumbe wao ulisema nichaji kompyuta, nijaribu mtandao mapema na nikae mahali patulivu. Chini kabisa wakaweka namba ya simu kwa yeyote atakayepata shida. Hiyo namba usiisahau, nitairudia.

Mtandao kwetu ulikuwa wa kubembeleza. Aliyeniokoa ni jirani yetu, Baba Somoe, fundi wa kuezeka, mzee mwenye maneno mengi na mikono isiyokaa bure. Alipanda juu ya bati letu akafunga mwanzi mrefu, na nchani akaning'iniza simu yangu ndani ya kikapu kidogo, ishike mtandao huko juu na kuurusha mpaka mezani kwangu. Kompyuta ya kuazima ikafunguka vizuri, picha haigandi hata kidogo. Akashuka akijipangusa vumbi, akasema, "Haya Zena, ukipata kazi usinisahau kwa tumbaku." Nikamwambia nitamletea gunia zima.

Alfajiri ya siku ya usaili tuliamshwa na kilio. Baba Somoe ameamka kwenda kuswali, ameanguka mlangoni, na hakuinuka tena.

Nilikwenda, mwanangu, sitaki udhani sikwenda kabisa. Nilikaa mkekani na kina mama kama robo saa, lakini nafsi yangu ilikuwa kwenye saa ya mkononi. Kisha nikarudi nyumbani kupiga pasi blauzi. Blauzi tu, maana chini hawakuoni, nikabaki na khanga ileile ya msibani.

Na unajua desturi yetu. Mwanamke akija msibani huanza kulia angali njiani, wafiwa wamsikie nao wamwitikie. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja, wengine wametembea kutoka Makote, na kila aliyefika kilio kilipanda upya. Nyumba zetu zimetenganishwa na uzio wa miti tu. Nilijaribu kompyuta, nikajisikia mwenyewe nikiongea katikati ya vilio. Nikaitazama ile namba ya simu. Nikasema moyoni, nikiwapigia watasema hawa watu wa vijijini hawaishiwi visingizio, watampa mwingine. Sikupiga.

Badala yake nikavuka uzio nikaenda msibani. Nikapiga magoti mbele ya wale mama zangu. "Shikamooni. Naomba mnisamehe, nina usaili saa hii, nusu saa tu. Naomba mpunguze sauti kidogo." Hata sasa nikiyasema maneno hayo ulimi unakuwa mzito. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole hupona.

Hakuna aliyenikaripia. Laiti wangenikaripia. Mjane mwenyewe, Mama Somoe, akainua mkono kutoka ndani ya khanga aliyojifunika. "Mwacheni mtoto atafute riziki yake," akasema. Wakanyamaza wote. Nikashukuru kama mtu aliyeazimwa chumvi, nikarudi mbio mezani.

Wasaili walikuwa watatu, mama mmoja wa miwani na wanaume wawili. Nilijibu vizuri. Nilikuwa nimejiandaa haswa, uji wa lishe nimeukariri, uzito wa watoto nimeukariri. Kisha yule mama akauliza, "Umeitisha mkutano kijijini, umefika, umekuta kuna msiba. Utafanyaje?"

Dirisha langu lilitazama njia. Pale pale nilipofungua mdomo nikaona bodaboda imesimama, akashuka Somoe, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyeolewa Masasi. Kitenge kinaburuzika chini, kiatu kimoja kimemtoka mguuni. Akafungua mdomo kulia, na wanawake wawili wakamkimbilia wakamshika mabega, mmoja kaweka kidole midomoni. Wakamnong'oneza. Somoe akageuka akalitazama dirisha langu. Kisha akajaza pindo la kitenge mdomoni, akachuchumaa chini ya mkorosho wa njiani. Baba yake yumo ndani, hatua thelathini, hajamwona.

Nami nikajibu, bila hata kubabaika. "Nitaahirisha mkutano. Msiba kwa watu wetu hutangulia kila kitu. Nitavua viatu nikae mkekani na kina mama."

"Jibu zuri sana," akasema yule mama. "Na hongera, umepata mahali patulivu."

Nikasema asante. Zilibaki kama dakika kumi, mwanangu. Ningeweza kusema samahani nikafunga ile kompyuta. Sikufunga. Nilieleza faida za majani ya kisamvu na mabega ya Somoe yanatikisika dirishani.

Nilipomaliza, bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Umemaliza?" Nikaitikia. Akageuka akapunga mkono kuelekea njiani, na Somoe akaachia. Kilio kile sina maneno ya kukieleza. Bibi alingoja kitulie kidogo, akanisema kwa Kimakonde, kisha akarudia kwa Kiswahili nisije nikajifanya sikusikia. "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Leo mfiwa amengoja ruhusa yako." Akanipa ndoo. "Nenda kisimani uwatekee wafiwa maji. Na blauzi hiyohiyo."

Unajua kisima chetu kiko wapi, chini ya mteremko, unapanda na ndoo kichwani magoti yakilia. Nilikwenda mara nne. Safari ya mwisho nikamkuta Mama Somoe ukumbini, macho yamevimba. Akanishika mkono uliolowa akaniuliza, "Wamekuchukua, mwanangu?" Hilo ndilo lililonimaliza. Nililia siku ile kuliko baadhi ya ndugu, na hata machozi yale niliyaonea haya.

Kazi niliipata. Nilipomzoea yule mama wa miwani nikamweleza yote. Akavua miwani. "Namba tuliiweka ya nini, Zena?" akaniuliza. "Ungepiga tu. Tungekupangia kesho yake."

Kwa hiyo nisikilize. Chaji kompyuta yako leo, usingoje kesho umeme ukatike. Jaribu sauti. Vaa nguo kamili, juu na chini, ujiheshimu hata pasipoonekana. Jibu kwa utaratibu, na usilolijua sema hujui. Lakini kabla ya yote hayo iandike ile namba kwenye karatasi uiweke karibu. Likitokea la kutokea, la ugonjwa au la msiba, wapigie uwaambie ukweli. Wale wa kwenye kioo nao wana mama zao na majirani zao. Wakikukosesha kazi kwa sababu ulikwenda kumlilia jirani, iache iende. Mimi sikuwapa hata nafasi ya kuwa watu wema, nikaenda kuuomba wema huo kwa wafiwa.

Somoe hajanisema hata siku moja. Nikipita kwake Masasi ananipikia, tunacheka. Ila kila nikifika mlangoni kwake huwa nanyamaza kwanza, nashindwa kupiga hodi. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu amekua anaishi nami nyumbani.

Nenda kesho kwa amani. Mungu akupe ulimi mwepesi na riziki isiyomnyamazisha mtu. Na siku utakayofiwa wewe, ulie kwa sauti yako yote, pasiwepo wa kukuambia subiri.