Mafuta ya Mama na Msimu wa Raga

Harufu ya mafuta ya zeituni bado inanitia hasira. Nikiisikia jikoni kwa mtu, naiona tena ile chupa ya Mama, aliyoiombea mchungaji wetu wa mtaa wa Berea, ikikaa juu ya friji tusipoweza kuifikia sisi watoto.

Mwaka ule kaka yangu Héritier, niliyemwita Yaya kama kwetu tunavyowaita wakubwa wetu, aliingia timu ya raga ya chuo chake, kule Doornfontein. Sisi wahamiaji kutoka Bukavu tulizoea mpira wa miguu. Huu wa kukumbatia ulitushangaza. Mama aliuliza jambo moja tu: "Ile mpira munashikaka na nini?" Alipojibiwa kuwa ni kwa mikono, akajipatia kazi.

Kila Jumamosi alifunga kula, akaja nasi uwanjani, na kabla ya filimbi akamwita Yaya kwenye uzio. "Leta mikono, mutoto yangu." Akampaka mafuta kuanzia vidoleni hadi viwikoni, akikemea kila pepo la kuanguka. Kisha Yaya alichomoka pale winga, hakuna wa kumshika, akapewa mpira, na mpira ukamponyoka.

Eish, nililia msimu mzima! Timu ilishindwa wiki baada ya wiki, wenzake wakambandika jina la Sabuni. Mama naye, akiona Mungu anakawia, akazidisha mafuta.

Siku moja tukirudi nyumbani, Mama akiwa ametangulia, nilimfokea Yaya: kwa nini asijifute?

"Nipanguse mbele yake?" akasema. "Tangu jana hajakula."

Niliona ni upuuzi mtupu. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka afunge trai moja tu, lile bao la raga, niringe nayo shuleni.

Kufikia mechi ya mwisho kocha alikuwa amemwondoa kikosini. Tulikwenda hivyo hivyo, Yaya akasimama nasi upande wetu wa uzio. Winga mpya akadaka mpira kwa mikono yake mikavu, akafunga. Mama alipiga vigelegele, akamgeukia Yaya.

"Unaona? Mungu amejibu."

"Ndiyo, Mama," akasema. Hakucheza raga tena, na mimi niliwakasirikia wote wawili kwa miaka.

Jumatatu iliyopita nilifungua saluni yangu ya kusuka kule Malvern. Mteja wa kwanza alikuwa ameshaketi Mama alipoingia na chupa. "Leta mikono." Asubuhi nzima rasta ziliniteleza vidoleni, mteja akiguna, mimi nikifumua na kuanza upya. Taulo lilikuwa begani kwangu. Mama alikaa pale mlangoni akinitazama, na tangu jana yake hakuwa amekula.