Mwaka Nilipobomoa Matuta ya Baba

Harufu ya pamba inayooza kwenye maji naijua tangu utotoni, na hadi leo ikinifikia siwezi kukaa mahali pamoja. Kwetu ni upande wa Tinde, na tulilima kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaonata miguuni mpaka unashindwa kunyanyua hatua. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mabwana shamba walipita vijijini wakifundisha kufunga matuta: kila baada ya hatua chache unaweka kizuizi cha udongo kwenye mfereji kati ya tuta na tuta, ili maji ya mvua yasikimbie. Baba aliyapokea mafundisho hayo kwa mikono miwili. Alifunga shamba lote, kisha akaanza kuwafundisha majirani, na kila Jumamosi walikuja na majembe yao. Mimi, binti wa miaka kumi, nilijivuna kupita kiasi.

Mwaka ule mvua haikujua kupumzika. Kila mfereji ukawa kidimbwi, majani ya pamba yakageuka manjano, na pamba hiyo ndiyo ilikuwa nguo zetu, kodi na chakula cha kununua. Mama alimsihi, "Baba Minza, fungua maji yatoke." Baba akajibu, "Watu wanakuja kujifunza. Niwaonyeshe matuta yaliyobomolewa?" Nilikuwa nazunguka shamba asubuhi na jioni, nikimchukia kwa ukaidi wake. Siku alipokwenda mnadani nilichukua jembe, nikavunja vizuizi vya mistari sita mpaka viganja vikatoka malengelenge. Aliporudi alinichapa. Kama nilistahili au sikustahili, bado sijaamua.

Lakini hakuvifunga tena. Jumamosi ya pili majirani walipofika, mistari yangu sita ilikuwa imeanza kurudisha rangi, na kwingine kote mizizi ilikuwa imeoza. Nilijificha nyuma ya mama nikijua nitasingiziwa uharibifu wote. Baba akaniita mbele.

"Minza, waonyeshe ulivyofanya, ng'wanawane, mwanangu."

Nikachukua jembe, nikaonyesha. Kisha akawaambia, "Kwenye udongo wa kichanga fungeni. Huku mbugani, mvua ikizidi, fungueni. Mimi niliwafundisha vibaya." Hakuna aliyengoja uji aliopika mama. Walitawanyika mbio kwenda mashambani kwao. Wengine waliwahi, wengine walikuta pamba imekwisha kufa, na mmoja wao hakumsalimia baba hadi msimu mwingine.

Nilipokua nami nikafundisha kilimo, miaka mingi, mpaka nikastaafu. Siku hizi wajukuu wananiletea mafundisho ya simu, yana majibu ya kila kitu, na sijasikia hata moja likiomba radhi. Nisiyacheke. Nami niliwakosesha wakulima mara nyingi, na nilipogundua nilisingizia mbegu, wadudu, hata jua. Mara moja tu nilisimama mbele yao nikasema kosa ni langu, na baba alikuwa amekwisha kufa, hakunisikia.