Kutoka Nungwi Mpaka Mkunazini Kuitafutia Roho Kazi ya Zuhura

Nilitoka Nungwi siku ya Jumatano kwa sababu moja tu: sikutaka binti yangu ahamie Dar es Salaam. Wapo hapa kijijini waliosema nilikwenda mjini kujionesha na kanzu mpya. Waongo. Kanzu ilikuwa ile ile ya Idi.

Zuhura ni mwanangu wa pekee. Ameachana na mumewe, ana watoto wawili, na tunakaa nyumba moja tangu mama yake alipofariki. Kazi yake ni ya kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, kuangalia bei za dhahabu na fedha za kigeni zinavyopanda na kushuka, kwa niaba ya kampuni moja ya Dar. Bei ikigeuka, yeye ndiye anayewashtua wenzake wanunue au wauze. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuielewa kazi hiyo, kwa hivyo asiyeielewa leo asione haya.

Sasa kompyuta yake ikawa inaganda. Vioo vyake viwili vya kutazamia bei vinasimama kimya, bei zinakwenda huko duniani, kwake haziendi. Mara mbili imemfanyia hivyo saa ya moto. Mkubwa wake akamwambia: ikitokea ya tatu, funga virago uje ukae huku ofisini. Tena kuanzia Jumatatu wanataka afanye kazi kwa vioo vinne. Haya yote hakuniambia. Nilimsikia kwenye simu, nikamuuliza kama ni kweli.

"Kweli, Baba. Usijali."

Usijali! Wajukuu wangu wanavushwa bahari, mimi nisijali. Kompyuta ile nilimnunulia mimi, na itakayofuata, nikasema, nitainunua mimi. Nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini nimeuza na kutengeneza mashine za boti miaka arubaini, na hakuna mvuvi wa Nungwi aliyepata kuelea katikati ya maji kwa mashine niliyomchagulia mimi. Kompyuta nayo ni mashine. Itanishinda kwa lipi?

Saa moja asubuhi niliipakia ile mbovu kwenye pikapu yangu, kiti cha mbele, nikaifunga mkanda. Ilikuwa imevaa kitambaa chake. Kitambaa hicho alikidarizi marehemu mke wangu, maua mekundu juu ya kitambaa cheupe chenye bitana nzito, kwa ajili ya televisheni. Televisheni ilipokufa nikakihamishia kwenye kompyuta kwa mikono yangu, nikakibana na kamba ya mpira chini. Nyumba yetu iko karibu na maji, chumvi inakula hata bawaba za mlango. Kitu cha thamani hakikai uchi.

Kinyasini nilisimama kunywa chai. Bwana mmoja akachungulia dirishani mwa gari.

"Mzee, mgonjwa huyo unampeleka hospitali gani?"

"Kompyuta hiyo."

"Ina nini?"

"Inaganda."

"Alaa! Ipake mafuta ya karafuu, itapata joto."

Watu wa pale wakacheka, na mimi nikacheka, lakini niliondoka na moyo mzito.

Saa tatu na nusu nikawa mjini, Mlandege, kwenye duka kubwa la kompyuta. Kijana wa mauzo akanionesha kompyuta yenye ubavu wa kioo, ndani taa nyekundu, kijani, buluu, zinazunguka kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Sitadanganya, ilinivutia. Akasema hiyo ndiyo hasa ya watu wa bei, inabeba vioo vinne, hata sita ukitaka.

"Vizuri," nikamwambia. "Iunganishe vioo vinne, tuiwashe, tuiache ifanye kazi mpaka Alasiri. Nitakaa hapa niitazame, kama tunavyojaribu mashine za boti."

Akanitazama kama nimemwomba figo. "Mzee, hii si mashine ya boti."

Watu wa kazi yangu mnajua. Mashine ya boti huinunui kwa rangi. Unaifunga kwenye pipa la maji, unaiwasha, unaiacha ingurume, na wewe unakaa kitako na chai yako. Dakika kumi kila mashine ni nzuri. Ubovu unakuja baadaye, chuma kikishapata moto. Anayeuza kitu na hataki ukiwashe, huyo anauza sanduku. Nikashukuru, nikatoka.

Saa nne nilikuwa Mkunazini. Gari haiingii vichochoroni, kwa hivyo niliiacha Darajani nikaibeba kompyuta begani. Nilielekezwa kwa fundi anayeitwa Bi Salama. Nilitarajia ofisi. Nikakuta chumba kimoja chenye mlango wa zamani, meza ndefu ambayo baba yake alikuwa akitengenezea saa, na mwanamke wa makamo mwenye miwani kwenye kamba.

"Shikamoo, Mzee. Karibu ndani, pana feni."

"Marahaba. Nataka kompyuta madhubuti ya vioo vinne."

"In-shaa-Allah utaipata. Ya nani, na anafanyia kazi gani?"

Nikamweleza. Hakugusa hata moja ya zile alizokuwa nazo rafuni. Aliniomba nimpigie Zuhura, na wakazungumza wawili hao kwenye simu yangu robo saa: unafungua vitu vingapi kwa pamoja, kioo kipi hasa ndicho cha kazi, umeme unakatika mara ngapi huko kwenu. Mimi nilikaa kwenye stuli nikawasikiliza. Ilikuwa lugha yao, lakini niliitambua. Ndivyo ninavyomuuliza mvuvi mimi: unakwenda umbali gani, unabeba watu wangapi, barafu kiasi gani. Fundi anayeuliza kabla ya kuuza, mpe kiti chako.

Alipokata simu akasema, "Sasa tumwone huyo mgonjwa." Akafungua kamba ya mpira, akakivua kitambaa taratibu, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza. Kisha akafungua ubavu wa kompyuta.

Mimi nimefungua mashine zilizozama, lakini ile ilinitisha. Feni ilikuwa imevimba vumbi kama kiota cha ndege. Bi Salama akachomoa bonge kwa koleo ndogo, akaliweka mwangani. Ndani ya vumbi mlikuwa na nyuzi nyekundu.

Hakusema neno juu ya nyuzi. Aliniuliza tu:

"Mzee, nasikia wewe fundi wa mashine za boti. Mashine ikitoka baharini mnaifunika?"

"Naam. Tunaifunika, chumvi isiile."

"Na mtu akiifunika ikiwa inaunguruma?"

"Huyo ana wazimu!" nikasema. "Itapumulia wapi? Ataiua! Mtu wa namna hiyo hafai hata kukabidhiwa—"

Macho yangu yakaenda kwenye kitambaa pale mezani. Feni ya ukutani ilikuwa inazunguka. Bi Salama alikuwa ameinamisha kichwa anafuta miwani yake, anafuta mahali pasipo na uchafu, mpaka nimalize kuelewa. Adabu ile sitaisahau.

"Basi ni mimi," nikasema.

"Wengi wanafunika, Mzee. Kompyuta inatoa joto muda wote inapofanya kazi. Ikikosa hewa inajipunguza nguvu isiungue, ndiyo huko kuganda. Hii moyo wake umeshachoka, hata nikiisafisha sitokudanganya kwamba itabeba vioo vinne."

Nikamuuliza kuhusu ile ya Mlandege yenye taa. Akacheka. "Taa hazihesabu bei, Mzee." Kisha akaniwekea mezani sanduku jeusi, zito, sura kama tofali. Kompyuta ya ofisi, iliyotumika lakini si kuukuu. Alisema zile zimeundwa kuwashwa kutwa, mwaka hadi mwaka, bila kelele. Akaifungua mbele yangu, akanionesha kitu kimoja kimoja. Kumbukumbu akaiongeza mara mbili, ili madirisha yote ya Zuhura yakae wazi bila kusukumana. Akaweka kadi ya picha yenye matundu manne, kila kioo na tundu lake, nisije nikauziwa vigawanyio vya mtaani, vya kulazimisha vioo viwili kwenye tundu moja. Sanduku la umeme akalibadilisha, akaweka lenye nguvu kupita inayohitajika. "Kama mashine yako ya boti," akasema, "huchukui ile inayokwenda kwa nguvu zake zote kila siku." Mwisho akaleta betri ya akiba, ili umeme ukikatika Zuhura apate muda wa kufunga kazi yake kwa salama.

Nikamwambia sharti langu la pipa. Nilijiandaa kwa ubishi.

"Mchana kutwa?" akauliza.

"Mchana kutwa."

"Kesho basi, tangu nikifungua. Na feni ya chumba tutaizima. Kwenu kuna joto kuliko hapa."

Wallahi, sikuwahi kufikiria kuzima feni.

Baada ya Magharibi nilikuwa Kiembe Samaki, kwa dada yangu Bi Mwanakhamisi, ambaye amenizidi miaka minne na ulimi. Alinipikia wali na samaki wa kupaka, na baina ya tonge na tonge nikamweleza habari ya kitambaa, nikitarajia ashangae. Hakushangaa.

"Zuhura anajua," akasema. "Alinambia mwaka jana, alipokuja Idi."

"Anajua? Mbona hakunambia mimi?"

"Akwambie nani? Wewe ukishasema jambo, hata kuku wanaingia bandani. Na kitambaa cha mama yake, umekifunga mwenyewe. Mtoto angesema nini? Baba, kivue cha mama? Afadhali ahame."

"Ndiyo afadhali hiyo?"

"Nimekwambia alivyoona yeye. Kula, samaki anapoa."

Sikumaliza sahani, na wanaonijua wanajua maana yake.

Alhamisi saa mbili asubuhi Bi Salama aliwasha. Vioo vinne vikawaka juu ya meza ya baba yake, bei zikaanza kukimbia, nyekundu na kijani. Aliijazia kazi kupita ya Zuhura, akazima feni, akafunga dirisha. Tukatoka jasho sote wawili. Kila saa alikuwa akisoma joto la ndani na kuniandikia kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa, bila kuniuliza kama naona vizuri. Adhuhuri nilikwenda kusali, niliporudi niliweka kiganja kwenye ubavu wa lile sanduku. Vuguvugu, kama paji la mtoto aliyetoka kucheza. Nikatega sikio, sikusikia kitu.

Saa tisa, bila kuniambia, akachomoa waya ukutani. Niliruka. Vioo havikupepesa hata kimoja, betri ikalia mlio mdogo na kazi ikaendelea.

"Na mimi nina pipa langu," akasema.

Nimekaa na mafundi wa Nungwi, wa Tumbatu, wa Tanga. Yule mwanamke ni fundi. Naandika hivi, na jina langu kijijini nimeliweka rehani.

Alasiri ilipoadhiniwa nikasema yatosha, nikalipa, pamoja na vioo viwili vya kujazia vile vya Zuhura. Alinipa maneno matatu ya njiani: iinuliwe kutoka chini, ikae shibiri moja mbali na ukuta, na kila mwezi ipulizwe vumbi kwa sababu ya chumvi ya kwetu. La nne hakulisema. Alikichukua kitambaa pale mezani, akanipa mikononi. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi.

Nilifika Nungwi kabla ya Magharibi. Zuhura alitoka mlangoni na watoto, akaona sanduku jeusi mbele na lile la zamani nyuma. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, tangu Mahonda. Yote yakapotea.

"Kompyuta yako niliiua mimi," nikamwambia. "Kwa kitambaa."

Akainama kutazama viatu vyake. "Najua, Baba."

"Shangazi yako kanambia kama unajua. Ungehama kweli, usinambie?"

Akainua uso. "Nilikivua siku moja, ulipokwenda Mkokotoni. Kompyuta ikaenda vizuri siku nzima. Uliporudi, kitu cha kwanza ulikwenda ukakishika, ukakinyoosha, ukasema, mama yako alikuwa na mkono. Nikasema basi, sitokivua tena."

Mimi sikukumbuka kusema hivyo. Lakini nilijua ni kweli, kwa sababu mkono alikuwa nao.

Jumatatu asubuhi Zuhura alikaa mbele ya vioo vyake vinne. Nilipita mlangoni mara ya kwanza, nikapita ya pili. Mara ya tatu akasema bila kugeuka, "Ingia ukae, Baba, unanitia kizunguzungu." Nikaingia. Saa tano umeme ukakatika Nungwi nzima, betri ikalia ule mlio wake, Zuhura akamaliza alichokuwa akifanya, akafunga, akashusha pumzi. Mkubwa wake akapiga simu jioni. Kuhama hakukutajwa.

Nilichojifunza nitakisema wazi, maana mimi si mtu wa mafumbo. Kompyuta ya kazi huinunui kwa taa. Unamwambia fundi kwanza itafanya kazi gani, unahakikisha kila kioo kina tundu lake, unaiwasha mchana kutwa kwenye joto, unaichomoa ghafla uone. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba miaka arubaini nimejisifu kuwa nasikia ubovu wa mashine kabla haujatokea, na ndani ya nyumba yangu mtu alikuwa anakosa hewa, nisisikie. Siku hizi nikisema jambo nyumbani, namuuliza Zuhura: wewe waonaje? Mara ya kwanza alidhani naumwa.

Ile kompyuta ya zamani sikuitupa. Iko sebuleni, pale ilipokuwa televisheni, imevaa maua mekundu ya marehemu, imebanwa na kamba ya mpira. Njooni muione. Yenyewe haina haja tena ya kupumua.